Nafasi Imejaa: Historia ya Kuongeza Diski Sumbawanga

Karani yeyote aliyefanya kazi kwenye zahanati au kituo cha afya cha Ufipa, huku Sumbawanga, anaijua siku kitabu kinapojaa. Kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile cha wazazi, kinaweza kufika ukurasa wa mwisho mwezi Agosti, na akina mama hawasubiri Januari ndipo wajifungue. Unafungua kitabu kingine, unaandika "cha pili" juu ya jalada, unaendeleza namba pale ulipoishia. Kuanzia siku hiyo, mzazi akija kutafuta tarehe aliyozaliwa mwanawe ili apate cheti, inabidi upekue vitabu viwili. Miaka ikipita vinakuwa vingi, kabati linajaa, vingine vinahamia stoo, na stoo ina panya. Mapadri Weupe, waliokabidhiwa boma la Karema mwaka 1885 na baadaye wakafungua misheni nyingi Ufipa, waliishi na shida hiyohiyo. Daftari la ubatizo likijaa linafunguliwa jingine, na anayetafuta jina la babu yake lazima kwanza ajue ni daftari lipi.

Nilianzia kazi kwenye makabati ya namna hiyo, kisha nikahamia kwenye seva. Ninachotaka kusimulia ni historia ya kazi moja ambayo wengi hawajui hata kama ipo: kuongeza diski kwenye mashine ambayo iko kazini, kwa amri chache zinazoandikwa kwenye skrini nyeusi, ili nafasi iongezeke na kitabu kibaki kimoja. Naamini kazi hii ndiyo iliyotuwezesha mafundi wa mikoa ya pembezoni kutunza kumbukumbu za watu wetu bila kumsubiri mtaalamu wa Dar es Salaam. Na kilichotuwezesha hasa ni kwamba kazi hii inaandikika. Nitaeleza nina maana gani.

Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Mashine za enzi hizo zilijaza chumba, zililishwa kadi zenye matundu, na waliozijua walikuwa wachache mno. Mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikwenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Mwaka huohuo ndipo Mkoa wa Rukwa ulipozaliwa, Sumbawanga ikitoka Mbeya na Mpanda ikitoka Tabora. Ofisi za mkoa huu mpya zikakulia kwenye karatasi, mashine za chapa na kaboni. Marufuku ile ililegezwa kidogokidogo miaka ya 1980. Huku kwetu kompyuta zilianza kuonekana miaka ya 1990, nyingi zikija na miradi ya wafadhili au kupitia mashirika ya dini.

Mashine hizo zilikuwa na diski moja iliyoitwa kwa herufi C. Ikijaa, unafunga ya pili, nayo inajiita D, na shida inaanzia hapo. Programu ya kuandikisha wagonjwa imeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba data ziko C. Habari za D haina. Hata D ikiwa tupu kabisa, programu inaendelea kulalamika kwamba nafasi hakuna. Ni kile kitabu cha pili tena. Dawa ya siku hizo ilikuwa kununua diski kubwa kuliko zote mbili, kufunga huduma Ijumaa jioni, kunakili kila kitu usiku kucha na kuomba umeme usikatike. Umeme ukikatika saa tisa usiku unaanza upya. Jumatatu asubuhi watu wanarudi kazini, na ile diski ya zamani, nzima kabisa, inatupwa kwenye droo kwa kuwa haina tena mahali pa kukaa. Nimeona droo zilizojaa diski nzima katika ofisi ambazo hazikuwa na fedha ya kununua karatasi.

Kwingineko duniani shida hii ilikuwa imeshapata dawa. IBM walitoa AIX toleo la 3 mwaka 1990 likiwa na kidhibiti cha volyumu ndani yake, Hewlett-Packard wakafanya hivyo kwenye HP-UX, na kampuni ya Veritas ya California ikawauzia wenye mashine za Sun programu yake ya kazi hiyohiyo. Wazo ni moja kwa wote. Programu isiguse diski moja kwa moja. Liwekwe tabaka katikati. Diski zote zinatiwa kwenye kundi moja, kila moja inagawanywa vipande vidogo vya ukubwa sawa, na kutokana na lundo hilo la vipande unaunda volyumu ambayo programu inaiona kama diski moja nzima. Volyumu ya gigabaiti 300 inaweza kuwa na vipande vya diski ya kwanza, ya tatu na ya nne, na programu haihitaji kujua. Ikijaa, unaingiza diski nyingine kundini, vipande vyake vinaongezwa kwenye lundo, volyumu inarefushwa. Jina linabaki lilelile, faili zinabaki palepale.

Niliiona kazi hii kwa mara ya kwanza Dar es Salaam, kwenye chumba cha mashine cha kampuni moja iliyotupokea kwa mafunzo. Aliyetufundisha tulimwita Mzee, kwa heshima ya kazi yake zaidi kuliko umri. Alichomeka diski kwenye mashine ya Sun, akaandika vxdctl enable ili Veritas ikague upya ina diski zipi, kisha vxdisk list. Diski mpya ikatokea kwenye orodha, pembeni yake pameandikwa online invalid: ipo na inaonekana, ila bado haina alama ya Veritas. Akaiandaa kwa vxdisksetup, akaiingiza kundini kwa vxdg, akarefusha volyumu. Waliokuwa ghorofani wakitumia mfumo hawakusimama hata dakika moja. Kulikuwa na njia nyepesi zaidi, vxdiskadm, inayokuletea menyu yenye namba, na namba 1 ndiyo ya kuongeza diski. Mzee hakuitumia mbele yetu. Alituambia, "Kesho mkiniuliza nilifanya nini, sitaki kuwajibu kwamba nilibonyeza moja." Kila amri aliyoiandika tuliinakili kwenye madaftari yetu, na hadi leo naweza kuifuatisha kazi yake mstari kwa mstari.

Veritas hatukuweza kurudi nayo Sumbawanga, leseni yake ilikuwa ya fedha nyingi. Kilichotufikia kilipita njia nyingine. Mwaka 1998 Heinz Mauelshagen aliandika kidhibiti cha volyumu cha Linux, LVM, akifuata kwa karibu mpangilio wa kile cha HP-UX. Kiliingia kwenye kerneli ya 2.4 iliyotoka Januari 2001. Toleo lake la pili lilijengwa juu ya kerneli ya 2.6, iliyotoka Desemba 2003, mwezi uleule Red Hat walipotangaza kuinunua Sistina, kampuni iliyokuwa ikikiendeleza. Red Hat wakakifanya kuwa chaguo la kawaida wakati wa kusimika mfumo, na CentOS, iliyofanana nayo lakini ikipatikana bure, ikarithi. Hivyo fundi wa huku alikuwa na LVM kabla hajajua kwamba anayo. Alitia CD iliyonakiliwa kwa mwenzake, akakubali kila swali aliloulizwa, mashine ikawaka ikiwa na kundi la volyumu linaloitwa VolGroup00.

Jina hilo limewatesa wengi. CentOS 5 ililipa kundi la kila mashine jina hilohilo, na kwa kuwa mafundi wengi tulisimika kwa kukubali kila kilichopendekezwa, mji mzima ulijaa VolGroup00. Haina neno mpaka siku seva inapokufa. Unachomoa diski zake, unazipachika kwenye seva nyingine ili uokoe data, na sasa mashine moja ina makundi mawili yenye jina moja na haijui ni lipi unalitaka. Katika ofisi moja hapa mjini fundi aliyeitwa alishauri diski zile zifomatiwe waanze upya. Kumbukumbu za miaka kadhaa zilikuwa ndani. Kilichoziokoa ni kwamba kila kundi, mbali na jina, lina namba ndefu ya utambulisho isiyofanana na ya kundi jingine lolote, na amri ya vgrename inakubali namba hiyo mahali pa jina. Kundi la mashine iliyokufa likapewa jina jipya, likaamshwa, faili zikawa pale kama zilivyoachwa. Tangu hapo kundi lolote ninaloliunda nalipa jina la ofisi na mwaka.

Diski zenyewe zilitoka Dar, zaidi ya kilomita 1,100. Kwa miaka mingi mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo kulala Mbeya au Tunduma ilikuwa sehemu ya safari. Kisha inabaki Tunduma hadi Sumbawanga kupitia Laela, zaidi ya kilomita 220, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ndani ya diski ya kawaida kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali ambao jicho haliuoni. Ikiwa imezimwa huvumilia zaidi, lakini si kuruka ndani ya buti la basi kutwa nzima, chini ya magunia na vitanda vya chuma. Diski tulizipakata. Nilizifunga kwenye blanketi, nikaziweka kwenye kapu, kapu likakaa mapajani, na konda aliyetaka kulipeleka nyuma tulijibizana naye. Mkataba wa mwaka 2008 na Millennium Challenge Corporation ya Marekani ndio ulioleta fedha za lami kwenye kipande hicho, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 safari ilikuwa imebadilika kabisa. Sijaona takwimu za diski zilizokufa kabla na baada ya lami. Ninachojua ni kwamba siku hizi diski inayofika Sumbawanga ikiwa imekufa ni jambo la kushangaza, na zamani haikuwa hivyo.

Kwa sababu ya barabara ile tulijiwekea desturi ambayo bado naishika. Diski mpya haiingizwi kundini siku inapofika. Inachomekwa, inapewa kipimo kirefu cha smartctl, programu inayokagua afya ya diski, inalala nacho usiku kucha. Asubuhi kipimo kikiwa safi ndipo kazi inaanza, na inaanza kwa macho. Juu ya diski kuna karatasi yenye namba ya utengenezaji. Unaisoma, unaiandika, kisha kwenye skrini unaita orodha ya diski kwa lsblk ukiiomba ionyeshe namba hizo. Mashine inaweza kusema mpya ni sdc, na kesho ukiiwasha upya ikaiita sdb, kwa sababu herufi zinagawiwa kwa jinsi diski zinavyotambuliwa wakati wa kuwaka. Namba iliyochapwa kiwandani haibadiliki. Hatua inayofuata, pvcreate, ni ya kuandika juu ya diski, na ukiielekeza kwenye diski yenye data kwa kuamini herufi, umeharibu. Kwa hiyo namba ya kwenye karatasi na ya kwenye skrini zinasomwa kwa sauti na watu wawili, mmoja akisoma ile iliyoandikwa kutoka kwenye karatasi ya diski, mwingine akisoma kwenye skrini. Zikilingana, pvcreate inaandikwa.

Amri hiyo inamaliza kazi kabla hujainua kidole. Mwanzoni mwa diski inaweka alama inayotamka kwamba hii sasa ni mali ya LVM, pamoja na namba yake ya utambulisho. Kisha vgextend inaiingiza kundini. Kisha vgs, kuhakikisha nafasi huru imeongezeka kwa kiasi kilichotarajiwa. Kisha lvextend, ambayo ukiipa herufi r inarefusha volyumu na mfumo wa faili ulio juu yake kwa mkupuo mmoja. Mwisho df. Pale palipokuwa pamesomeka asilimia 97 panasomeka 61, na kule dirishani karani anaendelea kuandikisha wagonjwa. Kazi yote haifiki dakika tano. Iliyochukua muda ni ile ya kusoma namba kwa sauti.

Kinachonivutia zaidi katika LVM kimejificha nyuma ya amri hizo. Maelezo ya kundi zima, jina lake, diski zake, volyumu zake, kipande kipi kiko wapi, yanaandikwa mwanzoni mwa kila diski ya kundi, na yanaandikwa kwa maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma kwa macho. Ukizichomoa diski zote na kuzirudisha kwa mpangilio mwingine, kila moja inaeleza yenyewe ni nani na inakaa wapi. Tena, kabla ya kila badiliko, LVM inaweka nakala ya maelezo hayo kwenye folda ya /etc/lvm/archive. Fungua mojawapo utakuta jina la mashine, saa, na sentensi inayosema kwamba nakala hii imetengenezwa kabla ya kutekeleza amri fulani, na amri yenyewe imeandikwa neno kwa neno. Seva niliyoikuta mahali ambapo fundi wake alikuwa amehama na hakuacha hata karatasi moja, niliielewa kwa kusoma folda hiyo. Nilijua aliongeza diski lini, ya ukubwa gani, na ni volyumu ipi aliirefusha.

Ufundi mwingine wa hapa haukuacha maandishi kama hayo. Ukitembea Ufipa utakuta malungu, matanuri marefu ya udongo yanayompita mtu kimo, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma. Yalivuta hewa yenyewe, bila mivukuto. Ni kazi ya akili kubwa, na jembe la Ufipa lilitegemewa mbali na hapa. Chuma cha kununua kilipoenea karne iliyopita, moto ukazimwa, na ujuzi ukabaki vichwani mwa wazee waliowahi kuufanya. Kiasi gani cha mawe, mkaa wa mti gani, dawa gani, vyote vilikuwa vya kupokezana kwa kutenda. Watafiti walipokuja kuuliza, ilibidi wawatafute wazee wachache waliokumbuka. Tanuri bado limesimama shambani, na kijana wa hapohapo hawezi kuliwasha. Ninapowafundisha vijana kuongeza diski nataka waandike, kila amri na kila jibu la mashine, kwenye daftari gumu linalokaa kwenye raki karibu na seva. Nao wanajua ni kwa sababu ya malungu, maana nimewapeleka kuyaona.

Kuandika ndiko kulikotusaidia pia kupata msaada kutoka mbali. Tulipokuwa tunategemea dishi la setilaiti, mtandao ulikuwa mwembamba na wa bei. Picha ya skrini ya Windows haikupita; herufi zilipita. Kwa SSH, iliyoandikwa Finland na Tatu Ylönen mwaka 1995, mwenzangu wa Dar aliweza kuingia kwenye seva yetu na kuandika amri, na mimi nikaziona. Laini ikikatika katikati ya pvmove, amri ya kuhamisha vipande kutoka diski inayokaribia kufa hadi diski nyingine, hakuna kilichoharibika, kwa kuwa LVM inaandika imefikia wapi na inaendelea kutoka hapo. Hiyo pvmove ndiyo naipenda kuliko zote. Inahamisha data chini ya miguu ya watu wanaozitumia. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, ulipofika kwetu mambo yakawa mepesi, lakini tabia ya kutumia herufi tuliibakiza.

Kuna hatari moja ambayo mafundi wengi huiacha bila kuisema kwa wakubwa wao. Kundi lisilo na kinga linazidi kuwa dhaifu kila unapoliongezea diski. Tuseme diski moja ina uwezekano wa 5 kati ya 100 kufa ndani ya mwaka. Ukiunganisha nne na volyumu ikalala juu ya zote, uwezekano wa kupoteza volyumu ni karibu 19 kati ya 100, maana ikifa yoyote, volyumu imetobolewa. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley waliliandikia jambo hili mwaka 1988, walipopendekeza diski nyingi za bei rahisi zifanye kazi pamoja huku zikitunza ziada ya data kwa ajili ya siku moja itakapokufa. Nusu ya kwanza ya wazo lao ilienea haraka Ufipa, kuunganisha diski nyingi. Ile nusu ya pili iligharimu fedha, ikaachwa. Ofisi moja iliunganisha diski nne za ukubwa tofauti, mbili zikiwa zimetolewa kwenye kompyuta za mezani, na ya tatu ikafa kiangazi. Waliokwenda kuzisoma tatu zilizobaki walipata vipande vya faili. Watumishi waliingiza upya taarifa kutoka kwenye karatasi, na zile ambazo karatasi zake hazikuwepo zimepotea. Nilikuwepo wakati wa kuingiza upya, na uchovu wa wale akina dada wa masjala ndio ulionifanya niweke msimamo: diski zinanunuliwa jozi. Mbili zinafungwa pamoja kwa mdadm, kila moja ikiwa kioo cha mwenzake, na jozi ndiyo inayoingizwa kundini. Bajeti ikiruhusu diski moja tu, tunasubiri.

Umeme nao una sehemu yake. Kwa miaka mingi Rukwa haikutegemea gridi ya taifa. Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia kupitia Mbala, ukisaidiwa na jenereta za dizeli. Ukikatika kwa muda mrefu, diski iliyozunguka miaka mitatu bila kusimama inapoa, na huku uwandani, karibu mita 1,800 juu ya bahari, usiku wa Julai ni baridi kweli. Umeme unaporudi, diski ya namna hiyo wakati mwingine haianzi tena kuzunguka. Kundi linawaka likiwa pungufu, LVM inaitaja kwa namba yake diski iliyokosekana, na inakataa kuiamsha volyumu inayoitegemea. Wapo wanaoikasirikia kwa kukataa. Mimi naishukuru, kwa sababu inakupa muda wa kufikiri kabla hujaandika chochote.

Mwaka 2012 Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa, mafaili yalipakiwa kwenye magari kwenda Mpanda. Kwenye diski kazi kama hiyo ina amri yake, vgsplit, inayotoa baadhi ya diski kwenye kundi na kuzifanya kundi jipya linalojitegemea, ukichomoa ukaenda nazo. Naitaja kwa kuwa vijana wengi hawajawahi kuitumia na siku wilaya zikigawanywa tena wataihitaji.

Mwaka huohuo Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa, na mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Mifumo mingi ya serikali iliyokuwa ikikaa kwenye seva za wilaya sasa inakaa kwenye vituo vya data, na naona ni sawa. Vituo hivyo vina umeme wa uhakika na walinzi wa zamu. Ila ndani ya mashine pepe zinazokaa huko, LVM ni ileile. Hivi karibuni kijana mmoja mgeni kazini alifungua mashine kama hiyo, lsblk ikamwonyesha diski ya gigabaiti 500 na pvs ikamwonyesha 300. Alikuwa akitafuta diski mpya ya kuipa vgextend, haioni. Nikamweleza kwamba walioko huko hawaongezi diski ya pili, wanairefusha ileile, na alama ya LVM iliyoandikwa mwanzoni mwake bado inashikilia ukubwa wa zamani. Pvresize ndiyo inayoiambia ijipime upya. Akaiandika, vgs ikasoma gigabaiti 200 huru, akamalizia kwa lvextend. Akauliza kama zile amri za diski za kushika mkononi bado zina haja. Hospitali za misheni na shule nyingi za Ufipa bado zina seva zao wenyewe, nikamjibu, na wiki iliyofuata tukaenda wote Namanyere na jozi ya diski, yeye akisoma namba, mimi nikiangalia skrini.